Mmea Unanyauka, Ndege Hawaji: Tafuta Chanzo Kabla ya Kushika Bomba la Dawa

Ingia duka la pembejeo mjini Kampala, sema tu kwamba majani ya nyanya zako yamegeuka manjano, na chupa ya dawa itakuwa mezani kabla hujamaliza kueleza. Hakuna anayekuuliza unamwagilia mara ngapi, chombo kina tundu au hakina, wala ulitia samadi gani. Unalipa, unarudi nyumbani, unapuliza, na wiki inayofuata majani ni manjano vilevile.

Matatizo mengi ya mimea ya nyumbani hapa Uganda si magonjwa. Ni maji, mwanga, chombo na mbolea, na hayo hayana dawa ya kupuliza. Dawa yenyewe hata ikishindwa kuponya haikosi kazi: inaua nyuki, inaua vipepeo, inaua viwavi ambao ndege huwalisha makinda yao. Ndiyo maana nimeyaweka pamoja maswali mawili ambayo watu huyauliza mbalimbali: mbona mmea wangu unakufa, na mbona uwanja wangu hauna hata ndege.

Ukaguzi wa kwanza

Chomeka kidole kwenye udongo mpaka kifundo cha pili. Nyanyua chungu uone uzito wake. Geuza jani utazame upande wa chini, maana wadudu wengi hawakai juu. Kisha jiulize ni kitu gani kimebadilika katika majuma mawili yaliyopita. Umehamisha chombo? Umetia mbolea? Mvua zimeanza? Kuna mtu mwingine nyumbani anayemwagilia? Hili la mwisho usilicheke. Mama anamwagilia asubuhi, dada wa kazi jioni, na mtoto anamalizia kwa maji yaliyobaki kwenye kikombe chake.

Majani ya chini yanageuka manjano na udongo umelowa

Hapa mizizi inazama. Ndilo tatizo linaloua mimea mingi zaidi ya ndani, na wanaolisababisha ni watu wenye upendo. Tazama kwanza chombo. Ndoo za rangi, madebe ya mafuta na vile vyungu vya kung'aa vinavyopendeza sebuleni mara nyingi havina tundu chini. Maji yanashuka, yanakaa, hewa inakosekana kwenye udongo, na mizizi inaanza kuoza huku juu kukiwa bado kijani.

Ng'oa mmea taratibu utazame. Mzizi mzima ni mweupe au wa rangi ya maziwa, na ukiubana ni mgumu. Uliooza ni wa kahawia, ukiuvuta kwa vidole ngozi yake inachomoka na kubaki uzi mwembamba katikati, na harufu yake utaijua bila kuambiwa. Kata vyote vilivyooza kwa kisu safi, punguza na majani kiasi ili mizizi michache iliyobaki isizidiwe, kisha panda upya kwenye udongo mkavu kidogo ndani ya chombo chenye matundu. Usimwagilie tena mpaka kidole kikute ukavu. Mbolea iache kabisa kwa wakati huo.

Kuhusu udongo: ule mweusi unaouzwa na wenye vitalu vya kando ya barabara ni mzuri, lakini peke yake ndani ya chungu hushikana. Changanya sehemu mbili za udongo huo, moja ya mchanga na moja ya samadi iliyooza vizuri. Na unaponunua mche uliomo ndani ya kaveera, yaani mfuko wa plastiki, ivue kabla ya kupanda. Iko mimea inayozikwa na kaveera yake, na mizizi inazunguka humo mpaka inajinyonga.

Kumbuka pia majira. Kuanzia Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba, hewa yetu ina unyevu na mmea wa ndani hunywa polepole, ilhali ratiba ya kumwagilia ya mwezi wa Februari inaendelea. Sansevieria, ile yenye majani marefu, magumu, yaliyosimama wima, inaweza kukaa majuma mawili au matatu bila tone. Majani yake yakianza kulegea na kuanguka kutoka chini, si kiu.

Kuna dalili inayofanana na hiyo lakini chanzo chake ni kinyume. Majani ni manjano, udongo ni mkavu, na kila ukimwagilia maji yanapita moja kwa moja na kutokea chini. Udongo umekauka mpaka umejitenga na kuta za chungu, na maji yanapita pembeni bila kuugusa. Tumbukiza chungu kizima kwenye beseni la maji kwa nusu saa, kisha kitoe kichuruzike.

Mmea umerefuka na kupinda, au majani yana mabaka meupe yaliyoungua

Mwanga. Na hapa miongozo ya mtandaoni inawapoteza watu, kwa sababu mingi imeandikwa Uingereza au Marekani, ambako dirisha la kusini ndilo lenye jua. Kampala iko karibu kabisa na ikweta. Mwezi wa Juni jua letu linapita upande wa kaskazini, Desemba linapita kusini, kwa hiyo dirisha lilelile lina jua nusu ya mwaka na nusu nyingine halina. Mmea uliokuwa ukistawi unaweza kuungua bila wewe kugusa kitu.

Upande wa mashariki ndio salama zaidi, kwa vile jua la asubuhi ni laini. Magharibi jua la saa nane hadi saa kumi linachoma, weka pazia jepesi. Mmea uliokaa gizani usiutoe nje kwa siku moja. Usogeze kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili. Shina likiwa refu na majani machache, yaliyo mbalimbali, yote yakielekea dirishani, mmea unatafuta mwanga. Usogeze dirishani na ukate ncha ili utoe matawi.

Na tulipu ulizoletewa zawadi kutoka Uholanzi hazitachanua Kampala. Zinahitaji majuma mengi ya baridi kali kabla ya kutoa ua, na baridi hiyo hatuna.

Kingo za majani zimekauka siku chache baada ya kuweka samadi

Ni samadi ya kuku. Wafugaji wengi hutandika maganda ya kahawa bandani, na mchanganyiko huo ukiuzwa ungali mbichi huchoma mizizi. Mwagilia maji mengi uusukume nje kupitia matundu ya chombo, ondoa ulioko juu, na safari ijayo lundika kwanza, funika, geuzageuza kwa miezi miwili au mitatu mpaka usiwe na joto wala harufu kali.

Majani yamejikunja, yananata, na sisimizi wanapanda shina

Fuata sisimizi, watakupeleka kwa mwenye kosa. Wanapanda kulamba maji matamu yanayotolewa na vidukari, vidung'ata au magamba wanaonyonya utomvu. Vidukari hujazana kwenye vichipukizi laini. Vidung'ata huonekana kama pamba nyeupe kwenye kwapa za majani. Ukipiga jani na wingu la vijidudu vyeupe likaruka, hao ni inzi weupe. Majani yakiwa na vitone vidogovidogo vilivyopauka na utando mwembamba chini, ni utitiri, nao hupenda ukavu wa Januari na Februari.

Idadi ikiwa ndogo, vidole na maji ya mpira vinatosha. Ikizidi, koroga kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo katika lita moja ya maji, jaribu kwanza kwenye jani moja, ngoja siku moja, kisha puliza upande wa chini wa majani jioni. Rudia baada ya siku tano hivi. Sabuni ya unga ya kufulia iache kwenye ndoo, inaunguza majani. Kabla ya kupuliza angalia kama kuna wale wadudu wekundu wa mviringo wenye madoa meusi, au mabuu yao ya kijivu yanayotambaa katikati ya vidukari. Hao wanakula vidukari kutwa. Wakiwepo, ondoka uwaachie kazi.

Nyanya imenyauka ghafla ingali kijani

Ikinyauka saa saba mchana na kuamka jioni, ni joto tu, tandaza nyasi kavu chini yake. Isipoamka hata alfajiri, fanya jaribio la glasi. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi ncha ikigusa maji, utulie dakika chache. Ukiona nyuzi nyeupe za maziwa zinashuka kutoka kwenye mkato, ni mnyauko wa bakteria, na hakuna dawa yoyote dukani itakayouponya. Ng'oa na mizizi yake, uchome. Hapo usirudie nyanya wala jamaa zake kwa misimu kadhaa, yaani viazi mviringo, pilipili, biringanya, nakati (mboga ya majani) na entula (nyanya chungu). Weka mahindi au dodo, yaani mchicha.

Tunda la nyanya likioza kitako na kuwa jeusi huku mmea ukiwa mzima, huo si ugonjwa. Mmea umekosa kalisi kwa wakati, na mara nyingi sababu ni kumwagilia kwa fujo, leo mafuriko, kesho ukame.

Migomba nyuma ya nyumba: ndizi zinaiva kabla ya wakati

Hili ni kubwa kidogo. Mnyauko bakteria wa migomba uligunduliwa Uganda mwaka 2001, huko Mukono, na umeshamaliza mashamba mengi ya matoke tangu hapo. Majani hunyauka na kuwa manjano, ndizi huiva changa bila mpangilio, na ukizikata ndani zina rangi ya kutu. Ukikata shina unatoka usaha wa manjano. Ukishauona, ng'oa mmea huo na usipeleke panga lile kwenye mgomba mwingine kabla ya kulipitisha motoni au kuliosha kwa dawa ya kung'arishia nguo.

Wadudu wanaotembelea ua dume, lile la zambarau linaloning'inia, hubeba bakteria kutoka mgomba hadi mgomba. Kwa hiyo livunje mara chane ya mwisho inapokwisha kutoka, kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu. Ni ushauri mzuri wenye gharama yake: ua hilo ndilo mgahawa wa nyuki na wa ndege chozi, wale wadogo wanaokunywa asali ya maua. Ukiwanyang'anya huku, wapandie maua mengine kule, na hayo tunayafikia hivi punde.

Maua tele, matunda hakuna

Boga linatoa maua mwezi mzima na kila kitunda kinakuwa manjano na kudondoka. Kwanza tazama maua yenyewe. Ua la kike lina kiboga kidogo nyuma yake, la kiume lina kikonyo kitupu. Mwanzoni huja ya kiume peke yake na hakuna la kufanya ila kungoja. Yakiwepo ya aina zote mbili na bado matunda yanadondoka, nyuki hawafiki. Maua ya boga hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya adhuhuri, kwa hiyo anayepuliza dawa saa mbili asubuhi anawapulizia nyuki wakiwa kazini. Katika siku za mvua mfululizo za Aprili nyuki hawaruki kabisa, basi fanya kazi yao: chuma ua la kiume, ondoa petali zake, na ulipake katikati ya ua la kike.

Pasheni ina kisa chake. Mchavushaji wake hodari ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao za kenchi na kuacha unga wa mbao sakafuni. Watu humwua kwa hasira, humziba na saruji ndani ya tundu lake, halafu pasheni iliyojaa maua inaishia kutoa matunda kumi. Nyuki wa kawaida ni mdogo mno kwa ua lile. Chavua inakaa juu, na mdogo hupita chini akanywa asali bila kuigusa, ilhali huyu mkubwa mgongo wake unaisugua. Paka rangi mbao za nyumba, kwa maana hapendi mbao zilizopakwa, na umwachie gogo kavu au vipande vya mwanzi mahali pasipoloa mvua. Ikiwa pasheni yako ni ya manjano kuna shida ya ziada: haizai kwa chavua yake yenyewe, inahitaji shina lingine tofauti karibu.

Majani ya mlimau yanaliwa usiku na mchana

Utakuta juu ya jani kitu kinachofanana na kinyesi cha ndege, cheusi chenye baka jeupe. Kiguse kwa kijiti. Kikichomoza nyuma ya kichwa pembe mbili laini za rangi ya chungwa, zenye harufu kali ya limau lililooza, hicho ni kiwavi. Akikua anageuka kijani, na mwisho wake ni yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya manjano anayepita uani. Mlimau mkubwa unamudu viwavi ishirini bila wasiwasi. Mche mdogo wenye majani kumi haumudu, basi wahamishe viwavi kwa mkono kwenda kwenye mti mkubwa, wa kwako au wa jirani.

Ndege hawaji

Simama mlangoni uutazame uwanja wako. Siku hizi mtu akimaliza nyumba kwenye kiwanja cha futi 50 kwa 100, anamwaga peva (vitofali vya kutandika uwanjani) kutoka geti mpaka ukuta wa nyuma, anaacha ukanda wa nyasi za pasipalamu wa hatua mbili na mitende mitatu kwenye vyungu. Panapendeza na gari halichafuki. Lakini pasipo udongo hapana mdudu, na pasipo mdudu ndege anatua afanye nini? Ng'oa hata peva za mita mbili kwa mbili kwenye kona, panda vichaka vya kimo tofauti, na majani yanayoanguka hapo usiyafagie.

Tatizo la pili ni ushauri wa kigeni. Watu wanatundika vichupa vyekundu vya maji ya sukari wakingoja ndege wavumao, na wale wanaishi Amerika tu. Sisi tuna chozi. Dume la chozi kifua chekundu, jeusi lote isipokuwa kifua na mng'ao wa kijani kichwani, linaonekana hata katikati ya Kampala, likipatikana ua la kunywa. Mpandie shubiri, haibiskasi, na kifumufumu chenye maua ya chungwa yaliyopangika kwa mafundo kwenye shina. Kama una nafasi, mwamba-ngoma, ule mti wa maua mekundu. Ila hata chozi hawalei makinda kwa asali. Wanawalisha wadudu na buibui, na hapo ndipo bomba la dawa linapomaliza hesabu.

Kayukiyuki (lantana) huvuta vipepeo kuliko karibu kila kitu, lakini husambaa haraka na ni sumu kwa mbuzi na ng'ombe. Jirani akiwa na mbuzi, mimi singeupanda.

Maji ni ya tatu, nayo ni rahisi. Sahani pana ya udongo, maji yenye kina cha sentimita tatu hadi tano, jiwe katikati, karibu na kichaka cha kukimbilia lakini si mahali paka anapoweza kujificha. Mwaga na kujaza upya kila baada ya siku mbili, maana mbu huhitaji takriban wiki moja kutoka yai hadi kuruka na malaria tunayo ya kutosha.

Kwa ndege wala matunda, hakuna mti unaoshinda mutuba ukiwa na tini zake, ila mizizi yake si rafiki wa ukuta. Kwenye kiwanja kidogo panda musambya, ingawa huo hauna matunda ya kuliwa na ndege. Kituo cha Taifa cha Mbegu za Miti, kilicho Namanve, huuza mbegu za miti ya kienyeji. Na kabla ya kununua chochote nenda Bustani ya Mimea ya Entebbe, iliyoanzishwa 1898, ukae asubuhi moja utazame ni ndege gani wanakwenda kwenye mti gani. Kiingilio hicho kina faida kuliko gunia la mtama.

Walikuja wasioalikwa

Ukiona kunguru na kaloli, wale korongo wakubwa wa jalalani, unatupa posho (ugali) na mabaki ya nyama nje. Panya nao hufuata nafaka, na nyoka hufuata panya. Wanaolalamika kwamba bustani imeleta nyoka mara nyingi wana chakula cha kuku kilichomwagika au lundo la matofali lililoegemezwa ukutani. Safisha hatua mbili kuzunguka nyumba, lundo la mboji liwe mbali, na kichaka kiwe kule mwisho wa uwanja.

Mnana akichana makuti ya mtende mpaka yabaki vijiti, anajenga. Kiota kikidondoka chini kikiwa kijani na kitupu, hajashambuliwa na mtu. Jike amekikagua, hakukipenda, na dume amekibomoa aanze upya. Mti wenyewe kwa kawaida hupona kelele zikiisha. Pasa, wale wenye mikia mirefu wanaotembea kwa makundi, hutoboa mapapai. Vika tunda mfuko wa wavu linapoanza kupata rangi. Tumbili wa Entebbe hawana dawa zaidi ya kutowalisha kamwe na kuchuma mapema. Na kinda la korongo taji ukiuziwa barabarani, kataa. Sheria ya wanyamapori ya 2019 haina mchezo na ndege wa taifa.

Kioo cha gari kikidonolewa kila asubuhi na yule ndege mweusi-mweupe anayetikisa mkia, nnamunye, hana kichaa. Ni msimu wa kutaga na anamwona mpinzani ndani ya kioo. Vika vioo vya pembeni soksi nzee kila unapoegesha, na dirisha la kioo cha giza lipake maji ya sabuni kwa nje. Baada ya majuma machache makinda yakisharuka, ataacha mwenyewe.